Nyumba Yenye Alama Mbili

Mzee mmoja alishuka kwenye treni ya ndani ya bomba, begi begani, akasimama nje ya stesheni ya Tanga kuvuta pumzi. Alitazama huku na huku kama atazamavyo mtu aliyekaa mbali muda mrefu. Jicho lake likanasa kwenye ukingo wa paa la kibanda cha matunda, likakaa hapo kidogo, kisha likaendelea.

 Pengine hakujua hata kwamba ametazama. Lakini utepe mwembamba uliobandikwa kwenye paji lake ulijua. Ulikuwa umepima jinsi mboni ilivyopanuka, jinsi pigo la moyo lilivyojikwaa, na mahali hasa ambapo jicho lilikwama. Ukatoa mlio mdogo kama wa panzi. Kabla mzee hajavuka barabara, buibui-fundi wawili walikwisha kutoka kwenye shimo lao chini ya maegesho ya baiskeli, wakapanda ukuta kwa miguu yao ya chuma, wakaanza kuling'oa bati lililoliwa na kutu.

"Lake lilikuwa jicho la tatu," alisema Kilua, karani wa kubandika tepe stesheni, huku akitazama kioo kidogo mkononi. "Wawili waliomtangulia walinasa palepale. Mwenye kibanda atafungua kesho, atakuta paa jipya."

Mwantumu Mndolwa aliitikia kwa kichwa. Kanuni ya macho matatu aliiandika yeye.

Utepe ule uliitwa kisomajicho, na mpango wenyewe Jicho Jipya. Wazo lake lilikuwa jepesi, na ndiyo maana watu walilipenda. Mwenyeji haoni mji wake. Mtu anayepita penye mtaro ulioziba kila asubuhi hauoni tena, kwa sababu miguu yake imekwisha kujifunza kuuruka. Lakini mtu huyohuyo akisafiri, akakaa mwaka mahali pengine, siku anayorudi mtaro ule humgonga macho kama kofi. Siku hiyo moja ana jicho ambalo wenyeji hawana na wageni hawana. Baada ya siku chache hulipoteza.

Kwa hiyo jiji likaweka sheria. Kila mkazi anayerudi kutoka safari ndefu huvaa kisomajicho kuanzia stesheni hadi mlangoni kwake, na hutembea kwa miguu. Macho matatu yakishtuka mahali pamoja, buibui-fundi hutumwa. Hakuna barua, hakuna diwani wa kubembelezwa. Juu ya mlango wa ofisi ya mpango huo palichongwa maneno ambayo kila mtoto aliyajua: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kweli mwenyeji alipona. Mitaro ilipitisha maji, taa ziliwaka, ngazi zilizobomoka zilijengwa.

"Inama kidogo, Injinia," alisema Kilua. Alikuwa ameshika utepe mpya. "Sheria ni sheria, hata kwa aliyeitunga."

Mwantumu aliinama. Alikuwa amerudi kutoka mwezini, alikokwenda kufunga mitambo ya namna hiyo katika makazi mapya. Alikaa huko miaka mitatu. Katika mwaka wa pili alipigiwa simu kwamba baba yake, Mzee Mndolwa, fundi baiskeli wa barabara ya kumi na mbili, amefariki. Chombo cha kurudi duniani hakikuwapo. Alilia peke yake kwenye chumba cheupe, kisha akarudi kazini.

Kilua alibandika utepe, akaulainisha kwa kidole gumba, lakini hakuondoka. Alishusha sauti.

"Kuna jambo nilitaka ulisikie kwangu. Nyumba yenu ina alama mbili."

"Za nani?"

"Binamu yako aliyerudi kutoka Lubumbashi. Na yule nesi jirani yenu, aliyekuwa Muskati. Wote walikuja kuhani."

Mwantumu alihesabu bila kutaka kuhesabu. Jicho la tatu lilikuwa lake.

"Wataifanya nini?"

"Nimeangalia mpango. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa. Mtambo umeona kuikarabati hakufai. Wataibomoa na baraza lake, waweke vyumba vya kupachika. Mama yako atakaa Pongwe mpaka wamalize."

"Na wewe huwezi kuizuia?"

"Mimi?" Kilua alicheka kidogo, bila furaha. "Uliandika mwenyewe kwamba mtu yeyote asiingilie kati, kwa sababu mtu ana upendeleo. Tulikupigia makofi siku ile."

Aliikumbuka siku ile na makofi yale.

"Nikifumba macho je?"

"Ukifumba, unaanza upya kesho hapahapa. Hilo nalo uliliandika wewe."

Basi akaanza kutembea.

Mwezini walifundishwa namna ya kutuliza moyo ndani ya vazi la nje, ili hewa isiishe upesi. Mtu anavuta pumzi polepole, anaitoa polepole zaidi, huku akifikiria kitu kisichomhusu. Mwantumu alivuta na kutoa. Alifikiria uzito wa skrubu. Alijiambia kwamba nyumba ni mawe na chokaa, kwamba ameiona tangu azaliwe, na kwamba haina jambo jipya la kumwambia.

Lakini mji wenyewe haukumpa nafasi. Aliondoka ukiwa mkubwa, na sasa majumba yalikuwa yameinama na barabara zilikuwa fupi. Pale ambapo utotoni palikuwa safari nzima, alifika kabla hajamaliza wazo moja. Tena kila kitu kilikuwa na umri. Kule alikotoka kuta zote zilitengenezwa mwaka mmoja, kwa rangi moja, na katika miaka mitatu hakuona kitu kilichochakaa. Hapa aliona kizingiti kilicholika katikati kwa nyayo za watu, na mwanamke akikaanga mihogo kwenye karai lililoungwa mara nyingi. Aliona mambo haya akashangaa kwamba miaka yote hakuwahi kuyaona.

Panzi alilia. Mwantumu aligutuka. Alikuwa akitazama baiskeli yenye gurudumu lililopinda, imeegemezwa kwenye nguzo ya taa.

"Ni nguzo imepinda," aliuambia utepe kwa sauti ya chini, kama vile ungemwelewa. Haukumwelewa. Haukuumbwa kuelewa. Nguzo ilikuwa imenyooka, na sasa ilikuwa na alama moja.

Aliingia Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba. Kwenye barabara ya tano alikuta nyumba mpya ya rangi ya maziwa, pembe zake zimeviringwa. Alijaribu kukumbuka palikuwa na nini. Palikuwa na mlango wa kijani, na asubuhi palikuwa na sufuria la mbaazi.

Mwanamke kijana alikuwa akifagia mbele yake.

"Samahani dada, hapa si kwa Bi Sijaona?"

"Palikuwa. Bi Sijaona alifariki mwaka juzi."

"Masikini. Pole."

"Tumeshapoa, dada. Mimi mpangaji tu, lakini nasikia alikuwa mtu wa watu. Kila aliyerudi safari alipita hapa kumlilia." Alitazama utepe kwenye paji la Mwantumu, akarudi ndani na ufagio wake.

Kwenye barabara ya nane palikuwa na nyumba nyingine ya rangi ya maziwa. Hapo aliishi Mwinchumu, fundi wa kushona kanzu. Mwantumu hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza, na akajibiwa alichokwisha kukijua. Kwenye barabara ya tisa zilikuwa mbili, ubavu kwa ubavu. Mume na mke, walifariki wakifuatana ndani ya mwezi mmoja.

Alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Pumzi za mwezini hazikumsaidia tena.

Mtu wa hapa akirudi safari haendi kwake moja kwa moja. Njiani huuliza nani katutoka, na kabla hajatua mzigo hupita nyumba za msiba, atoe mkono wa pole, akae kidogo, asome Fatiha au asali kwa namna yake. Akifika pale hukuta kiti kitupu, au ndoano isiyo na kanzu, na moyo wake hushtuka. Hata asiye na imani hufanya hivyo, kwa sababu asipofanya majirani watakumbuka. Mwantumu alijua desturi hii kama anavyojua kunawa mikono. Ndiyo maana hakuifikiria siku alipotunga kanuni. Alikuwa ameizoea.

Akakumbuka ramani ya mwaka wa kwanza wa mpango. Nukta za mshtuko zilijazana Ngamiani kuliko sehemu yoyote ya jiji. Chini ya ramani aliandika kwa mkono wake: makazi yenye kasoro nyingi. Nukta hazikuwa na majina. Mshtuko ni mshtuko, alisema kwenye mkutano, hatuhitaji kujua kwa nini. Zile zilikuwa nyumba ambapo watu walisimama kulia.

Sasa alijiwekea mpango mwingine. Atatazama chini. Akifika atatazama uso wa mama yake tu, ataingia ndani, utepe utajibandua wenyewe mlangoni. Nje hakuna haja ya kuangalia. Anajua kila kitu kilivyo: baraza la saruji lenye doa jeusi la girisi, ringi za baiskeli zilizotundikwa ukutani, na ubao ambao baba yake aliuchora mwenyewe, baiskeli yenye magurudumu yasiyolingana.

Alikata kona ya barabara ya kumi na mbili akitazama vidole vya miguu yake. Alihesabu milango kwa pembe ya jicho. Hapa kwa Mzee Kasanda. Hapa kwa yule nesi. Kisha pembeni mwa jicho lake ukaingia ukuta wa rangi ya maziwa.

Aliinua uso.

Hapakuwa na ringi, wala ubao, wala doa. Baraza lilikuwa limefunikwa kwa mbao laini, na ukuta wote uling'aa kama nyumba ya Bi Sijaona. Wamekwisha, aliwaza. Nimechelewa, wamekwisha kuibomoa. 

Panzi alilia.

"Asante, mwenyeji," ilisema sauti ya utepe, sauti ya upole aliyoichagua yeye. "Jicho lako limeona."

Mlango ulifunguka, mama yake akatoka akifunga kanga vizuri. Alikuwa Bi Hadia yuleyule, mfupi kidogo kuliko alivyomwacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kimelia?"

"Kimelia."

 Nyuma ya Bi Hadia alitokea Mzee Kasanda, jirani yao, Mnyamwezi aliyekuwa mtani wa Mzee Mndolwa tangu ujana wao. Alikuwa na brashi mkononi.

"Si nilisema tumalize na mlango," alisema Kasanda. "Mlango umebaki wa zamani, umeharibu kila kitu."

"Mlifanya nini?" Mwantumu aliuliza. "Nani kaipaka hivi?"

"Sisi wenyewe," alisema mama yake. "Tulisikia alama yako itakuwa ya tatu. Binamu yako alinasa kwenye zile ringi, na nesi kwenye ubao. Tukasema tuzitoe. Tukasema, ukiikuta imefanana na zote, utapita kama unapita kwa watu. Hutashtuka."

Mwantumu alitaka kucheka, akashindwa. Alikaa chini hapohapo barabarani, mama yake akamshika kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu alilia na mtu.

Buibui-fundi walitokea upande wa barabara ya kumi na tatu. Walikuwa sita, wakubwa, wenye nyundo tumboni. Walikuja polepole na kwa adabu, wakiwasha taa ya njano, kama walivyofundishwa.

Bi Hadia aliwatazama, kisha akamgeukia Kasanda.

"Binti hajamlilia baba yake," alisema. "Sisi tulianua tanga, tukamaliza msiba, yeye hakuwapo. Toeni majamvi."

"Na sukari?"

"Sukari utaleta wewe, mtani."

"Mndolwa alinisumbua akiwa hai," alisema Kasanda akielekea kwake. "Nilidhani akifa nitapumzika."

Majamvi yakatandikwa barazani na mbele ya mlango. Majirani walitoka mmojammoja, wanawake upande huu na wanaume upande ule, wakampa Mwantumu mkono. Pole. Nimeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa. Buibui wakasimama ng'ambo ya barabara, taa zikiwaka na kuzima. Mtambo haukuruhusiwa kupiga nyundo palipokaa watu. Ungesubiri waondoke, na wenyewe hauchoki.

"Nyie, karibuni chai," Kasanda aliwaambia buibui. "Mmekuja msibani mikono mitupu."

Watu walicheka, na katikati ya kicheko hicho Mwantumu akakumbuka kifungu alichokwisha kukisahau. Kazi iliyozuiwa kwa juma zima haitekelezwi moja kwa moja. Jicho la mwisho huulizwa tena. Mwenye jicho huvaa utepe, husimama palepale, hutazama. Akishtuka kazi inaendelea. Asiposhtuka alama yake inafutwa. Kifungu hicho alikiweka kwa ajili ya mafuriko, hakuna aliyewahi kukitumia.

Aliwaeleza.

"Kwa hiyo tukae hapa juma zima," alisema Kasanda, "mpaka wewe uzoee?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimewahi kukaa msibani muda mrefu kuliko huo kwa ajili ya pilau tu. Na marehemu simjui."

Wakakaa kwa zamu. Siku ya pili Kilua alikuja, akavua viatu, akatoa pole, akaketi upande wa wanaume bila kuitwa. Baada ya kikombe cha kwanza alisema, bila kumtazama mtu, "Nyumba ya bibi yangu kule Makorora ilikwenda mwaka jana. Nilidhani ni bahati mbaya."

"Mlikuwa mnakwenda kuhani pale?" Mwantumu aliuliza.

"Ukoo mzima. Kutoka kila nchi."

Siku za mwanzo Mwantumu hakuweza kutoka mlangoni bila kuumia. Kila alipouona ukuta ule mtupu, mkono wa baba yake ulipita mbele yake ukitundika ringi. Usiku hakulala vizuri, akiwaza: je, nikishtuka? Hofu yenyewe iliufanya moyo uruke, na moyo ulivyoruka akaogopa zaidi. Mama yake alimwambia aache kuutunza moyo kama yai. Akampa kazi. Akawa anabeba vyombo, anachota maji, anabishana na akina mama kuhusu chumvi.

Halafu siku moja alitoka na sinia la vikombe, akagawa, akarudi ndani, na alipoliweka sinia jikoni akagundua kwamba hakuuona ukuta. Alikuwa amepita kama wanavyopita watu nyumbani kwao. Alisimama jikoni muda mrefu akiwa ameshika ukingo wa meza.

Juma lilipotimia Kilua alimbandika utepe mbele ya watu wote. Ulisikika mlio wa taa za buibui.

"Tazama," alisema Kilua.

Alitazama. Ukuta, mbao, mlango wa zamani. Alisubiri moyo wake umsaliti, ukatulia tu, kama maji mtungini.

"Hakuna kasoro," ilisema sauti ya upole. "Alama imefutwa."

Buibui walizima taa, wakageuka kwa pamoja, wakaondoka. Watu wakashukuru Mungu. Kasanda alidai buibui mmoja amebeba kikombe chake. Mwantumu peke yake hakucheka. Alirudi kwenye jamvi, akakaa.

"Zimebaki alama mbili," Kilua alimwambia polepole. "Leo au kesho mwingine atashuka stesheni, atakuja kuhani msiba wa mzee."

"Najua. Kesho nakuja ofisini. Inabidi tuuambie mtambo kwa nini watu hushtuka."

"Utaupimaje huo kwa nini?"

"Sijui," alisema. "Lakini tusipojua, basi tusibomoe."

Kilua aliketi kando yake. "Watasema una upendeleo."

"Ni kweli ninao."

Bi Hadia alikuja akasimama mbele yake.

"Kimesema nini hasa, kile kitu? Sikusikia vizuri."

"Kimesema nimezoea, mama."

Mama yake alimwangalia usoni, kama anayetafuta jeraha. Kisha akanyoosha mkono, akaubandua utepe kwenye paji lake, akampa Kilua. Aliingia ndani. Walimsikia akisogeza kitu kizito uvunguni mwa kitanda, Kasanda akainuka kumsaidia, lakini akafukuzwa.

Alitoka na ringi moja ya baiskeli, kuukuu, spoki mbili hazipo. Alipapasa ukuta kwa kiganja mpaka akaupata msumari chini ya rangi mpya. Aliukwangua kwa ukucha, akaitundika ringi, akarudi nyuma.

Ringi ilizunguka kidogo yenyewe, kisha ikatulia.

Moyo wa Mwantumu ukashtuka, na hapakuwa na chombo cha kuupima.